Gari inatetemeka ukikanyaga breki baada ya kufunga tairi mpya: kabla hujanunua diski pitia huu uzi

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Naleta yaliyonikuta na Toyota IST yangu old model, na nitaandika kwa urefu kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilikuta watu wengi wanauliza swali hili hili na wanajibiwa jibu moja tu, badili diski. Mimi nilibaki kidogo sana kununua diski mbili za breki (zile sahani za chuma zinazozunguka na tairi) na padi zake (zile zinazoibana diski ukikanyaga), na ningezifunga juu ya tatizo lile lile, baada ya muda na zenyewe zingeanza kutetemeka, nisingejua nimekosea wapi.

Ilianza hivi. Tairi zilikuwa zimeisha, nikanunua nne mpya 185/65R15, nikafungiwa pale pale dukani. Wakazibalansi zote nne, yani kusawazisha uzito wake, nimesimama pembeni naangalia mashine mpaka inasoma sifuri, kijana akafunga kwa ile bunduki ya upepo, trrrr trrrr, nati nne zimekaza kabla hujameza mate, jeki chini, nikalipa nikaondoka. Gari ilitulia vizuri kabisa. Kazi yangu ni ya safari, Dar Dodoma kila wiki, na wiki mbili za mwanzo sikusikia kitu chochote.

Wiki ya tatu nilikuwa narudi, nimepita Chalinze, nakuja kwenye kibao cha 50 niko 80, nakanyaga breki taratibu kama kawaida, stelingi ikaanza kucheza kushoto kulia haraka haraka mkononi. Nikaachia pedeli, ikaacha. Nikakanyaga, ikarudi. Anayeijua ile barabara anajua vibao vya 50 vilivyopangana, kila kijiji kimoja, kwa hiyo mpaka nafika Mlandizi nilikuwa nimeshairudia ile hali mara nyingi mno na nimeshaona tabia yake: nikitembea bila breki hata 100 gari imetulia, nikikanyaga breki kuanzia 80 mpaka kama 40 inatetemeka, na ule mtetemo unapungua kasi kadiri gari inavyopungua spidi.

Hiyo tabia ndiyo iliyokuja kunisaidia baadaye, ila siku hiyo sikujua maana yake.

Nikarudi kwa waliofunga tairi. Wakabalansi upya, wakaniambia fresh, nikatoka, kibao cha kwanza tu ikatetemeka vile vile. Nikaenda kwa fundi mwingine, akaendesha mita 200 akasema diski zimepinda kaka, nunua mpya na padi. Wa tatu akasema boljointi, vile viungo vya miguu ya mbele. Watu watatu, majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyefungua tairi kuangalia kilichopo nyuma yake.

Wa nne ni fundi mtu mzima wa Tabata ambaye jirani alinielekeza. Huyu kabla hajagusa gari aliniuliza maswali matatu: inatetemeka ukiwa unakwenda au ukikanyaga breki? Unaisikia mkononi au makalioni? Na tairi za mbele zilifunguliwa lini mara ya mwisho? Nilipomjibu la tatu akasema "basi tuanzie kwenye nati".

Naendelea chini.

#2

Mkuu mimi nimeshapitia hiyo, badili diski tu usijitese. Yangu nilibadili ikatulia.

#3

@#2 ilitulia kwa muda gani? Maana na mimi nilibadili mwaka jana na sasa hivi imerudi.

#4 Mleta uzi

Naendelea.

Kwanza elewa kitu kimoja ambacho mimi nina gari miaka sita na nilikuwa sikijui. Kwenye gari nyingi ndogo za Toyota diski ya mbele haina bolti yake ya kuishikilia kwenye hab, kile kitovu cha chuma ambacho tairi inafungwa juu yake. Imevishwa tu kwenye zile stadi, yani bolti zinazotokeza kwenye hab, rimu inakuja juu yake, na zile nati nne za tairi ndizo zinazobana vitu vitatu kwa pamoja: hab, diski, rimu. Kwa hiyo yule kijana wa bunduki ya upepo anapokaza tairi anakuwa anafunga na diski ya breki, ajue asijue. Akikaza nati moja kwa nguvu kupita kiasi na nyingine kidogo, diski inavutwa upande mmoja, inakaa kwa kuinama. Kuinama kwenyewe ni kudogo hukuoni kwa macho. Vitabu vya Toyota kwa gari nyingi ndogo vinaruhusu diski icheze milimita 0.05 tu, na karatasi ya kawaida ya fotokopi ni kama milimita 0.1. Yani nusu ya unene wa karatasi ndiyo mwisho.

Sasa fundi alichokifanya. Alichukua wili spana yenye bomba refu akaanza kulegeza nati za mbele kulia gari ikiwa chini. Nati ya kwanza ililegea kawaida. Ya pili ililegea kwa mkono mmoja, laini. Ya tatu ilibidi apande juu ya bomba kwa mguu, ikatoa mlio kaa! kama mti unavunjika. Ya nne kawaida. Akaniangalia hakusema kitu, akahamia kushoto, kule hazikupishana sana.

Akapiga jeki, akaweka stendi chini, akatoa tairi, akarudisha nati na washa ili zishikilie diski. Ana ile geji ya saa yenye mshale, inakaa kwenye kishikio cha sumaku, akaigandisha kwenye shokapu, ncha ikagusa diski karibu na ukingo. Akazungusha diski kwa mkono pole pole, mshale ukapanda ukashuka. Akaniita niangalie mwenyewe: 0.13. Mara mbili na zaidi ya kinachoruhusiwa.

Akafungua kalipa, ile inayobeba padi, akaining'iniza kwa waya, hakuiachia ining'inie kwenye hozi ya breki, hilo nilipenda. Diski ilikuwa imeganda kwenye hab, na hapa mafundi wengi wanachukua nyundo. Yeye akachukua bolti mbili za M8 akazifunga kwenye yale matundu mawili madogo yenye nyuzi kwenye uso wa diski, mimi siku zote nilidhani ni matundu ya urembo. Akakaza moja kidogo, nyingine kidogo, diski ikajisukuma yenyewe ikatoka bila kugongwa hata mara moja.

Nyuma yake ndipo niliposhangaa. Uso wa hab una kutu imejijenga kama magamba, na sehemu moja, kama upana wa ukucha wa kidole gumba, ganda la kutu limekandamizwa mpaka linang'aa. Na hilo ganda liko jirani kabisa na ile stadi iliyokuwa na nati iliyopiga kelele. Diski ilikuwa imekalia kijiwe.

#5

Sasa kama diski ilikaa vibaya tangu siku ya kwanza mbona haikutetemeka siku ya kwanza? Hapo hujanishawishi mkuu.

#6 Mleta uzi

@#5 swali zuri na ndilo nililomuuliza fundi, kwa sababu hata wale wa dukani walinijibu hivyo hivyo, "tulikufungia wiki tatu zilizopita, ingekuwa sisi ingeanza siku ile ile".

Diski iliyoinama yenyewe haileti mtetemo mkubwa, kwa sababu kalipa inateleza kwenye pini zake, inaifuata diski kushoto kulia. Shida ni pale ambapo hujakanyaga breki. Padi zinakaa karibu sana na diski, na ile sehemu iliyojitokeza inapita inakwangua padi, kila mzunguko, pale pale. Piga hesabu: tairi la 185/65R15 likizunguka mara moja limekwenda kama mita 1.95. Kwa kilomita 2,700 nilizotembea hiyo ni karibu mara milioni 1.4 sehemu ile ile inakwanguliwa. Mwisho diski inakuwa nyembamba hapo na nene pengine. Na ukikanyaga breki, sehemu nene ikipita kati ya padi inazisukuma, nyembamba ikipita zinalegea, nguvu ya breki inapanda na kushuka kila mzunguko. Huo ndio mtetemo wenyewe. Ukiwa 80 tairi linazunguka mara 11 hivi kwa sekunde, ukishuka 40 ni nusu yake, ndiyo maana mkononi unausikia unapoa taratibu jinsi gari inavyopunguza.

Kwa hiyo aliyefunga tairi anapata kisingizio kizuri, mwenye gari anamwamini, anakwenda kununua diski, anazifunga juu ya hab ile ile yenye kutu na nati zile zile zinakazwa na bunduki ile ile. @#3 mimi nadhani hapo ndipo ulipo wewe.

#7

Mimi ni fundi tairi, nipo kwenye hii kazi miaka mingi, naomba nisikilizwe na sisi. Mteja anakuja ana haraka, anataka tairi nne ndani ya nusu saa, ukimwambia subiri nisugue hab anakuambia wewe funga tu nina safari. Na wengi hawataki hata kulipia balansi. Ila alichosema mleta uzi ni kweli, bunduki ya upepo inatakiwa ishike nati ifike tu, kukaza kwa mwisho ni kwa mkono. Mimi nafanya hivyo na vijana wangu nimewafundisha.

Niongezee kitu. Wengi mnafunga sporti rimu za kununua. Tundu la katikati la rimu za Toyota nyingi ndogo ni milimita 54.1, linakaa pim kwenye hab. Sporti rimu nyingi zina tundu kubwa ili zikae kwenye gari za aina nyingi, pale katikati zinatakiwa ziwe na ringi ya kuziba nafasi. Bila ringi rimu inakaa pembeni kidogo, utabalansi mpaka uchoke, mashine itasoma sifuri kwa sababu mashine inaishika rimu kwa koni yake, lakini kwenye gari inacheza. Ila hiyo itatetemeka hata bila breki.

Na nati ziangalieni. Kuna rimu za aloi za Toyota zinazotumia nati yenye washa bapa, na kuna zinazotumia nati ya koni. Ukichanganya hazikai vizuri hata ukaze kwa trekta.

#8 Mleta uzi

Fundi wangu #7 asante sana kwa kuja, na wala sikuja hapa kuwalaumu watu wa tairi, nimekuja kueleza jambo ambalo wenye magari hatulijui ndiyo maana hatuliulizi. Ningejua siku ile ningesimama nikasema kaka naomba mkono, na ningelipia.

#9

Samahani kaka, mimi ni dada nina Vitz, naomba nieleweshwe. Yangu inatetemeka lakini sio stelingi, naisikia kwenye siti na pedeli inanisukuma mguu juu chini. Tairi nimefunga nne mwezi uliopita. Fundi kaniambia diski za mbele.

#10 Mleta uzi

Dada yangu subiri kwanza usinunue. Stelingi imeunganishwa na tairi za mbele, kwa hiyo tatizo la mbele mara nyingi unalisikia mkononi. Ukilisikia kwenye siti na sakafu huku stelingi imetulia, anzia kuangalia nyuma. Na Vitz nyingi nyuma ni dramu, yani breki ya ngoma badala ya diski, na dramu nayo inabanwa na nati za tairi hizo hizo, ikikazwa vibaya inakuwa kama yai.

Kuna jaribio fundi alinionyesha. Tafuta barabara tupu iliyonyooka na kavu, hakuna gari nyuma yako, uwe kwenye 40 hivi. Usiguse breki ya mguu. Shika handibreki, kidole gumba kibonyeze kitufe muda wote ili isijifunge, vuta taratibu sana mpaka uanze kusikia gari inashikwa. Handibreki kwenye gari hizo inashika nyuma peke yake. Ikitetemeka ni nyuma. Ikiwa laini, na ukikanyaga ya mguu inatetemeka, basi ni mbele. Usivute kwa nguvu na usijaribu mvua ikinyesha, tairi za nyuma zikifunga gari itakugeuka.

#11

Wewe unaongelea nati, mimi nasema hizi diski zinapinda kwa maji. Watu wanashuka mlima Kitonga breki zimewaka moto, wanafika chini wanaingia kuosha gari, maji ya baridi pwaa kwenye diski. Usitafute mchawi mkuu.

#12 Mleta uzi

@#11 sikatai kwamba kumwagia maji diski ya moto ni kosa, na mimi siwezi kufanya. Lakini angalia na hili, wengi wanaosema diski imepinda kwa moto, ukiipima unakuta haijapinda, ina unene usiolingana au ina madoa. Ukishuka mlima mrefu, breki zikachemka, halafu ukasimama chini umekandamiza pedeli mguu haunyanyuki, padi inaacha alama yake kwenye diski pale iliposimama, kama pasi iliyosahaulika juu ya shati. Baada ya hapo sehemu ile inashika tofauti na nyingine. Kwa hiyo Kitonga au Sekenke shuka na gia ndogo, na ukifika chini endelea kutembea kidogo bila breki zipate upepo, ukilazimika kusimama simama na handibreki kidogo au weka gogo, usikandamize pedeli.

Kwangu mimi siku zile sikupita mlima wowote wa kutisha, Dar Dodoma unaijua.

#13

Kutoka Mombasa hapa. Ndugu yangu nakuuliza, mimi nikikanyaga kwa ghafla kwenye changarawe, pedeli yanipiga mguu grrr grrr. Tairi ni mpya. Je, ni hiyo hiyo?

#14 Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, hiyo ni ABS inafanya kazi yake, inaachia na kushika ili tairi zisifunge. Inakuja ukikanyaga kwa nguvu au mahali penye utelezi, na mlio wake ni wa haraka haujali spidi yako. Hii ninayoielezea inakuja kwenye lami kavu, breki ya kawaida ya taratibu, na inapungua kadiri gari inavyopunguza. Ikikupiga vile kwenye lami kavu ukikanyaga taratibu, hapo ndipo pa kuuliza.

#15

Na yangu inatetemeka nikifika 90 mpaka 110, breki sigusi kabisa.

#16 Mleta uzi

Hiyo ni familia nyingine mkuu, usiguse breki zako. Kutetemeka kwenye spidi fulani bila breki ni balansi, rimu iliyopinda, tairi lenye kasoro, au rimu haijakaa katikati kama alivyosema fundi #7. Angalia pia kama vile vipande vya risasi vya balansi kwenye rimu havijadondoka. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma, mtetemo ukihama kutoka stelingi kwenda kwenye siti basi umeshajua ni tairi au rimu.

Na hapo hapo tazama zile namba nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni, 3523 maana yake wiki ya 35 mwaka 2023. Tairi "mpya" iliyolala stoo miaka mingi imepangwa vibaya inaweza kuwa imeshabonyea na bado haijawahi kukanyaga barabara.

#17

Mkuu malizia stori basi, baada ya kukuta kutu ikawaje? Nakaa naangalia uzi tangu asubuhi.

#18 Mleta uzi

Samahani nilikuwa barabarani.

Fundi alisugua hab kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikatoka, akazunguka kila stadi maana kule kwenye mizizi ya stadi ndiko uchafu unakojificha. Akasugua na nyuma ya diski, na uso wa rimu unaokutana na diski. Akapangusa kwa kitambaa kikavu. Nilimuuliza kama anapaka grisi akakataa, akasema grisi ikienda kwenye diski au kwenye nyuzi za nati inaleta mengine.

Akarudisha diski, akakaza nati kwa mkono, akaweka geji: 0.06. Kutoka 0.13, kwa msasa tu! Mimi nilitosheka, yeye hakutosheka. Akatoa diski akaizungusha tundu moja mbele, maana ina nafasi nne za kukaa kwenye stadi, akapima, 0.03. Akachukua chaki akaweka alama kwenye stadi na kwenye diski ili siku yoyote ikitolewa irudi pale pale.

Halafu akachukua maikromita akapima unene wa diski sehemu nane kuizunguka, kila sehemu sentimita moja kutoka ukingoni. Tofauti ya nene na nyembamba ilikuwa milimita 0.03. Ni kidogo lakini mkononi inasikika, na hiyo haiondoki kwa kusugua hab. Kwa hiyo diski ya kulia ilishaharibika kwa zile kilomita 2,700. Akasoma unene wa mwisho unaoruhusiwa, umegongwa kwenye diski yenyewe baada ya neno MIN, akaona bado nyama ipo ya kutosha, tukazipeleka mbili zote kuchongwa kwenye mashine ya lethi, zimepunguzwa kidogo sana kisha zikapimwa tena. Zingekuwa zimekaribia MIN angeniambia ninunue, na hapo ningenunua kwa moyo mweupe. Padi nikaweka mpya, pini za kalipa akazitoa akazisafisha akazipaka grisi yake maalum ya joto, moja ilikuwa nzito kuteleza.

Boljointi akazitikisa, zilikuwa nzima. Aliniambia boljointi, tairodi na bushi za kontroli amu zikiwa zimelegea zinaukuza mtetemo unausikia mkubwa kuliko ulivyo, lakini zenyewe hazikai zinasubiri ukanyage breki.

#19

Na nati alikaza kwa kilo ngapi? Hilo ndilo tunalolitaka.

#20 Mleta uzi

103. Niutoni mita 103 ndiyo kipimo cha Toyota kwa gari ndogo nyingi zenye stadi za M12, yangu ikiwemo, wewe thibitisha kwenye kitabu cha gari yako. Alikaza kwa toki renchi, ile spana inayolia kah ikifika kipimo. Kwanza gari ikiwa juu akazifikisha zote kwa mkono kwa msalaba, moja halafu ya upande wa pili yake, usizunguke kama saa. Akashusha gari mpaka tairi ikagusa chini kidogo isizunguke, akakaza kwa mizunguko miwili, ya kwanza kama nusu ya nguvu, ya pili mpaka kah.

Kama huna toki renchi, chukua spana ya mkono wa sentimita 40. Kufikia 103 unatakiwa usukume mwisho wake kwa uzito wa kama kilo 26, yani mfuko wa kilo 25 wa unga. Hiyo ni mkono wa mtu mzima ukivuta kwa kukaza, mguu hauhusiki. Mtu wa kilo 75 akipanda juu ya spana hiyo hiyo anaweka karibu 300, mara tatu. Sasa fikiria ile nati yangu iliyohitaji mguu juu ya bomba refu kulegea.

#21

Mimi yangu imeanza kutetemeka siku mbili tu baada ya kufunga tairi. Kuna cha kufanya nyumbani kabla sijaenda kwa fundi?

#22 Mleta uzi

Kuna, na wewe una bahati kwa sababu umewahi. Subiri breki zipoe kabisa, gari ikae sehemu tambarare, weka tofali kwenye tairi za nyuma. Tairi moja moja: legeza nati zote robo mzunguko gari ikiwa chini, piga jeki, kaza upya kwa mkono kwa msalaba, shusha, malizia kwa msalaba. Jaribu barabarani. Ikitulia, tatizo lilikuwa ni kukaza na diski bado haijaliwa, umeokoa hela. Isipotulia, hab isafishwe na ipimwe kwa geji. Fundi akikuambia badili diski, mwombe kwanza apime mbele yako, kama hana geji mwambie hata afunge kipande cha waya kwenye shokapu ncha yake ikaribie diski bila kugusa, azungushe, muangalie ile nafasi inavyofunguka na kufunga. Haitakupa namba lakini itakuonyesha ukweli.

#23

Na ukishafunga padi mpya unaendesha tu au?

#24 Mleta uzi

Unazizoesha. Barabara tulivu, fika 60, kanyaga kwa uzito wa kati mpaka 20, achia, rudi 60, kama mara kumi hivi, usisimame kabisa katikati. Halafu tembea kidogo bila breki zipoe. Mimi nilifanya alfajiri kabla magari hayajajaa.

#25

Mrejesho mkuu?

#26 Mleta uzi

Leo nina kilomita 4,100 tangu zichongwe. Nimepita vibao vyote vya 50 kutoka Kibaha mpaka Morogoro nikiwa na mtoto wangu amelala mbele, kichwa kimeegemea mlango, hakuamka. Stelingi haijacheza. Jumamosi nilipita kwa fundi akafungua ya kulia akapima tena, 0.03, alama ya chaki bado ipo.

#27 (yule dada wa Vitz)

Kaka nimefanya ile ya handibreki leo asubuhi kwenye barabara ya mtaani kwetu. Imetetemeka! Yani ni nyuma kabisa, na mimi nilishaweka oda ya diski za mbele. Nimesitisha. Kesho wanafungua dramu, nikishafungiwa nikaze tena baada ya kilomita ngapi?

#28 Mleta uzi

Hongera sana dada yangu. Tembea kilomita 50 mpaka 100 halafu kagueni nati zote kwa toki renchi ile ile, kwa mkono. Na kesho wakitoa dramu waambie wasianze kusugua mpaka umepiga picha ya hab, uiweke hapa tuione.